Buti linauma, linavuja, linaachia soli: kasoro za mabuti visiwani na pa kuanzia kuzitazama

Mwezi wa nne, masika yakishapamba moto, meza yangu ya Mwanakwerekwe hugeuka korti. Huyu kaja na buti moja mkononi, la pili limo ndani ya mfuko na soli yake imebaki Ndijani. Yule anasema, "Ami, hili linavuja, na wewe uliniapia." Mwengine hasemi kitu, anavua soksi tu anioneshe kisigino. Nauza mabuti ya mtumba, na binamu yangu ni fundi viatu Chake Chake. Malalamiko ya Unguja nayapokea mie, ya Pemba anayapokea yeye, na tukipigiana simu usiku tunakuta ni yale yale.

Jambo moja limenikaa kichwani kwa kuyasikiliza yote hayo: buti la kwetu mara nyingi haliuliwi na mwendo. Linauliwa na unyevu, chumvi na kuwekwa. Mlima wa kutisha hatuna. Tuna maweni ya kusini na mashariki ya Unguja na yale ya Micheweni, mawe makali kama wembe; tuna kinamo cha mabonde ya mpunga; tuna vilima vya Pemba vya mikarafuu ambavyo mvua ikinyesha vinakuwa sabuni; na tuna hewa ambayo mkanda wa ngozi ukiusahau kabatini wiki mbili unautoa umeota koga. Ndiyo maana mteja akiniuliza lipi linazuia maji, na mie namuuliza: la kwako likirowa leo, kesho asubuhi litakuwa limekauka?

Nimepanga kwa dalili. Kila dalili naanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, nateremka hadi ya nadra. Ukaguzi wa bure uje mwanzo, gundi na pesa baadaye.

Soli inaachia, au inamung'unyika

Hili ndilo lalamiko kubwa, na linawauma watu kwa sababu pengine buti lenyewe halijatembea hata mwezi. Mtu kanunua jozi nzuri, ngozi haina mkwaruzo, kaitunza kwa ajili ya safari. Siku ya safari, kilomita mbili tu, soli nzima inabaki njiani kama ngozi ya nyoka.

Usikimbilie gundi. Patazame kwanza pale palipoachia, mchana, penye mwanga. Ukiona sehemu zote mbili ni ngumu na safi, pana utando mkavu wa manjano, basi gundi ndiyo iliyochoka na buti lako ni zima. Ukigusa kukatoka unga, makombo kama ya biskuti, au kitu kinachonata vidoleni kama halua iliyolala, basi povu la kati limeoza. Hayo ni maradhi mawili, na dawa ya moja haitibu la pili.

Gundi kuchoka ndiyo sababu ya mara nyingi. Inachoshwa na maji ya chumvi yasiyosuuzwa, na zaidi inachoshwa na joto. Mwaka wangu wa mwanzo wa biashara niliosha jozi sita nikazianika juu ya bati la banda, saa sita mchana, nikaenda kusali na kula. Niliporudi jozi nne zimeachama kama changu kwenye barafu. Bati la saa sita linatosha kulegeza gundi, na jiko la mkaa ni baya zaidi. Tangu siku hiyo naanika kivulini penye upepo, buti limelazwa ubavu, ndani nimejaza gazeti. Gazeti likirowa nalibadilisha.

Kubandika upya unaweza mwenyewe. Tumia gundi ya mpira ya mafundi viatu, usitumie ile ya matone inayokauka papo hapo: hiyo ikishakauka ni kama kioo, na soli ikipinda inapasuka. Kwangua gundi ya zamani, piga msasa pande zote mbili mpaka zikwaruzike, futa vumbi, hakikisha pamekauka kweli. Paka gundi nyembamba huku na huku, kisha subiri. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanabandika gundi ikiwa bado maji. Iache dakika kumi mpaka kumi na tano, ukiigusa inate lakini isikufuate kidoleni. Bandika, gonga kwa nyundo ya mpira, halafu ulifunge buti lote kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kama unavyomfunga mtoto mchanga, na uliache siku nzima.

Sababu ya pili ni povu kuoza, na hapa pana siri ambayo wanunuzi wengi wa mtumba hawaijui. Mabuti mengi mazito ya kutembelea yana tabaka kati ya soli ya chini na mguu, na tabaka hilo mara nyingi ni povu la poliyurethani. Ni zuri, linadunda, halibonyei upesi. Lakini unyevu wa hewani unalivunja taratibu kutoka ndani, na joto linaharakisha kazi. Halihitaji kuvaliwa, linaoza hata likiwa ndani ya boksi. Kwa kawaida huchukua miaka mitano mpaka kumi tangu kutengenezwa, na buti linalovaliwa mara kwa mara hukawia kuoza kuliko lililofungiwa. Sasa fikiri: jozi imekaa kabatini Ujerumani miaka minane, ikafungwa kwenye robota, ikapanda meli, ikaja kukaa ghalani kwetu kwenye joto na unyevu. Kwa macho ni mpya. Kwa umri ni bibi kizee.

Kulipima ni rahisi, na muuzaji asiyetaka ulipime mwache na buti lake. Bonyeza ukucha wa kidole gumba ubavuni mwa soli, kwenye lile tabaka la kati. Povu zima linabonyea na kurudi. Lililooza linabaki na shimo, linapasuka nyufa ndogo, au linanata. Kisha lipinde buti mara kumi hivi kama unavyopiga hatua, ukisikiliza. Mlio mkavu kama wa mkate wa ajemi si mlio wa kununua. Mwisho funua ulimi usome lebo ya ndani: viwanda vingi huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa.

Likishaoza, gundi ni kupoteza pesa, maana unabandika kwenye unga. Kama ngozi ya juu ni nzima na unaipenda, fundi anaweza kung'oa povu lote na kuweka soli mpya ya mpira. Binamu yangu huwawekea watu wa shamba mpira wa tairi. Linakuwa zito na halina haya, lakini maweni ya Micheweni hayalifanyi kitu.

Mara chache tatizo ni uzi. Kwenye mabuti yaliyoshonwa, mchanga na matumbawe hukata uzi wa chini mmoja mmoja. Ukiona vichwa vya uzi vimesimama, mpelekee fundi mwenye msharasi, ile sindano nene ya kushonea ngozi, akupigie uzi wa nailoni uliopakwa nta, kabla haujaachia mshono wote.

Acha hapo hapo: soli ikianza kutoa unga ukiwa njiani, funga buti kwa kamba, rudi nyumbani kwa njia fupi. Buti la pili la jozi hiyo lina umri ule ule. Na ikiwa wewe ndiye unayewaongoza watu msituni, usiingie nalo.

Linavuja, au unafikiri linavuja

Kati ya kumi wanaoniletea buti "linalovuja", naona wengi hawavujiwi. Wamerowa kwa jasho lao.

Lipime nyumbani kabla hatujagombana. Jaza gazeti kavu ndani. Weka maji kwenye beseni, lisimamishe buti humo, maji yafike chini kidogo ya pale ulimi unapoanza kushonwa, uliache robo saa. Toa gazeti ulikunjue. Likiwa kavu, buti ni zima. Likiwa limerowa, doa litakuonesha ni upande gani.

Ikiwa gazeti ni kavu lakini soksi zako zinarowa kila ukitembea, sababu ni utando. Mabuti mengi ya bei kubwa yana utando ndani wa kuzuia maji, na sifa yake ni kuwa unazuia maji ya nje na kuuachia mvuke wa jasho utoke. Kazi hiyo inafanyika vizuri kwenye baridi kavu, ambako ndani ya kiatu kuna joto na unyevu kuliko nje. Kwetu mwezi wa tatu, nje kuna joto na unyevu karibu sawa na ndani. Mvuke utoke uende wapi? Unabaki humo humo. Na likiingia maji kwa juu, ukivuka mto mdogo au dimbwi la Jozani (msitu ule maji ya ardhini yako karibu, mvua kubwa ikinyesha njia zinajaa), buti la utando linageuka ndoo. Linashika maji siku mbili tatu.

Ushauri wangu unanipotezea biashara, lakini ni huu: kwa kutembea visiwani, chukua buti la kitambaa cha wavu lenye ngozi sehemu za kugonga, au la ngozi tupu, lisilo na utando. Litarowa, kweli. Litakauka pia. Ukifanya kazi kwenye bonde la mpunga, nunua gambuti, ukitoka livue. Hakuna buti moja la kazi zote mbili.

Sababu nyengine za maji kuingia, kwa mpangilio: ulimi ambao haukushonwa pembeni, kwa hiyo maji ya majani marefu yanashuka nao; mshono uliofumuka, ambao fundi anaurudia na kuupaka nta; na ngozi iliyopasuka pale vidole vinapopinda. Mpasuko huo ukishakuwa wa kupitisha ukucha, kiraka hakikai, kwa sababu kila hatua unakifungua. Utando uliotoboka nao hauna fundi.

Onyo la upande huu ni la afya. Maji yaliyotuama na mito ya polepole Unguja na Pemba yanaweza kuwa na kichocho, na buti la kitambaa linalopitisha maji halikukingi. Ukishapita humo, na baadaye ukaona damu kwenye mkojo, nenda kituo cha afya wakakupime, usikae kusubiri.

Malengelenge, hasa kisigino

Lengelenge ni msuguano juu ya ngozi yenye joto na maji. Ondoa kimoja katika hivyo na mengine yanapungua nguvu.

Anza na kamba, maana ndizo sababu ya kwanza na hazina gharama. Watu wetu wamekulia kwenye ndara na makubadhi. Kufunga kiatu kikakaza wanaona ni mateso. Wanafunga kwa kulegeza ili kivaliwe na kuvuliwa msikitini bila kuinama. Kisigino kinapanda na kushuka ndani ya buti kila hatua, na safari ya saa mbili ni hatua maelfu. Jaribu hivi: ukifika matundu mawili ya juu, usivuke upande wa pili. Ingiza kila kamba kwenye tundu la juu la upande wake ule ule, ukiacha kitanzi kidogo. Sasa vusha kila kamba ipite kwenye kitanzi cha mwenzake, vuta kuelekea chini, funga. Kisigino kinakaa mahali pake. Msikitini utachelewa dakika moja, uvumilie.

Pili, soksi. Za pamba zinakunywa jasho na kukaa nalo. Soksi za mpira wa miguu, zile ndefu wanazovaa wachezaji, zinapitisha jasho vizuri zaidi na zinauzwa kila pahala. Ukizivaa juu ya nyengine nyembamba laini, msuguano unabaki baina ya soksi na soksi.

Tatu, buti jipya gumu. Livae ndani ya nyumba, kisha kwenda sokoni, wiki nzima kabla ya safari. Wako wanaolirowesha maji na kulivaa mpaka likauke mguuni. Kwa ngozi nene linafanya kazi, kwa lililobandikwa gundi ni kulifupishia umri.

Nne, na hii ni ya mtumba peke yake: mguu wa mwenyewe wa kwanza bado umo ndani. Ingiza mkono, pitisha kidole kwenye ukuta wa kisigino. Kitambaa kikiwa kimetoboka na unahisi plastiki ngumu nyuma yake, pale pale ndipo patakapokuchuna. Fundi anaweza kushonea kipande cha ngozi laini. Kisha liweke buti juu ya baraza ya saruji iliyo sawa ulitazame kwa nyuma. Likilalia ndani au nje, mwenyewe alikuwa na mwendo wake, na magoti yako yatalazimishwa kuufuata. Hilo siliuzi kwa mtu anayetembea. Namuuzia fundi wa saruji, anayesimama.

Lengelenge dogo usilitoboe, lifunike tu plasta. Kubwa lililojaa na kukaza, unaweza kulitoa maji kwa sindano iliyochemshwa, ukitoboa ukingoni, na ngozi ya juu uiache pale pale. Ukiwa na sukari usiguse kabisa, wala usijifanyie daktari: mguu wa mwenye sukari unaweza kuwa na kidonda asikihisi. Na yeyote akiona usaha, wekundu unaosambaa au mstari mwekundu unaopanda mguuni, homa, au uvimbe wa mtoki, buti si mazungumzo tena. Aende hospitali siku hiyo hiyo, iwe Mnazi Mmoja, iwe Abdalla Mzee Mkoani, iwe kituo cha karibu.

Vidole vinagonga, kucha zinakuwa nyeusi, mguu unakufa ganzi

Hapa naanza na namba, na sitaki hata kuiona. Namba 42 ya Ulaya ni kama 8 ya Uingereza na kama 9 ya Marekani, lakini viwanda havikubaliani, na buti la 42 la huyu linaweza kuwa fupi kuliko la 41 la yule. Pima mguu.

Bi mmoja wa Konde alitaka kumnunulia mumewe buti la kuendea shamba la karafuu, na mume hataki kuja mjini. Nikamwambia amchore. Akanitumia, kwa abiria wa meli, kipande cha boksi la sabuni kimekatwa kwa umbo la mguu, pembeni kumeandikwa kwa kalamu ya risasi "wa kulia, ni mkubwa". Nilikiweka juu ya soli ya ndani ya jozi nne kabla sijapata. Urefu ulikuwa sentimita 27, lakini upana wa mbele karibu 11, umetawanyika kama jani la mgomba. Mguu uliokua peku na ndara hutanuka mbele, na mabuti mengi ya Ulaya yamechongwa nyembamba. Nilimpelekea moja lenye pua pana. Halikuwa zuri kulitazama, na mpaka leo hajalirudisha.

Fanya hivyo hivyo. Chora jioni, baada ya kazi, kwa kuwa mguu huvimba mchana kutwa. Simama, usikae, na uchore miguu yote miwili, ufuate mkubwa. Soli ya ndani ya buti iwe ndefu kuliko mchoro kwa sentimita moja au moja na nusu, na mchoro usitokeze pembeni. Halafu livae ukiwa na soksi utakazotembelea, ushuke ngazi. Kwa nini ngazi? Tambarare hudanganya. Vidole hugonga kwenye mteremko, na mtu wa Pemba anashuka zaidi ya anavyodhani.

Buti lako likiwa lina urefu wa kutosha na bado kucha zinakuwa nyeusi, kaza kamba za juu, penye kifundo cha mguu, ili mguu usiteleze mbele, na kata kucha. Likiwa fupi, ni fupi. Fundi anaweza kutanua ngozi kwa upana kidogo kwa kalibu, urefu hawezi. Mpe mdogo wako.

Ganzi juu ya mguu mara nyingi ni kamba iliyokaza pahala pamoja. Ruka tundu moja pale panapouma, zipandishe kamba wima bila kuvuka, uone kama inaondoka ndani ya nusu saa. Ganzi inayobaki hata ukiwa peku, au miguu yote miwili kuwaka moto usiku, haikutoka kwenye buti. Kapime sukari.

Linateleza

Matope yameganda katikati ya meno ya soli, basi. Kinamo kikishajaza mianya, unatembea juu ya sahani. Yagonge kwenye shina kila baada ya mwendo, na ukinunua la Pemba chagua meno marefu yaliyoachana, matope yadondoke yenyewe. Meno mafupi yaliyobanana ni ya barabara.

Meno yapo na bado unateleza? Para ukucha kwenye mpira wa soli. Mpira uliozeeka unakuwa mgumu na unang'aa, haushiki tena jiwe bichi. Msasa wa kukwaruza utakusaidia siku mbili. Kwa maweni makavu napenda mpira mgumu na mnene, haukatwi. Kwa miamba yenye maji mpira laini unashika zaidi lakini unaisha upesi. Uamuzi ni wako, utegemee unatembea wapi siku nyingi.

Jiwe lenye utelezi wa kijani ufukweni maji yakikupwa halina buti. Usipite.

Harufu na koga

Koga jeupe au la kijani juu ya ngozi linatisha kwa macho tu likiwahiwa. Toa buti nje, mbali na watoto, upepo ukitokea nyuma yako, ulifute kwa brashi kavu. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, pitisha kwa kitambaa nje na ndani, anika kivulini mpaka pakauke kabisa. Soli ya ndani itoe ianikwe peke yake. Ikinuka baada ya hapo, itupe uweke mpya, ni rahisi kuliko kuoga udi.

Sababu ya kwanza ni kuweka buti likiwa bado na unyevu. Ya pili ni mfuko wa plastiki: unadhani unalikinga na vumbi, kumbe unalipikia. Weka kwenye rafu wazi, na wiki mara moja livae hata kwenda dukani. Ya tatu ni mafuta ya nazi. Najua, bibi zetu wote walipaka ngozi mafuta ya nazi, na kidogo hayana neno. Lakini yakizidi ngozi inalegea, mishono inatanuka, na koga linapata chakula. Dawa ya viatu ya kawaida, nyembamba, inatosha. Ukitoka ufukweni suuza kwa maji matamu kabla ya yote, au chumvi itakaza ngozi na kutia kutu vijicho vya kamba.

Miwasho baina ya vidole, ngozi nyeupe inayochubuka, hiyo ni fangasi. Dawa ya kupaka ya famasi hutosha kwa kawaida, lakini ukirudi kuvaa buti lile lile bichi utaanza upya. Ikishaingia kwenye kucha, muone daktari.

Unyayo unauma

Ukihisi kila jiwe, soli ni nyembamba au haina kipande kigumu ndani. Shika buti pua na kisigino ulipinde: likikunjika kati kati kama kitabu, ni la mjini. Linatakiwa lipinde kwenye vidole tu. Soli ya ndani nene itakupunguzia, haitakuponya.

Uchungu wa chini ya kisigino unaokuja na hatua za mwanzo za asubuhi kisha ukapungua, mara nyingi ni mshipa mpana wa unyayo uliochoka. Soli ya ndani yenye kuinua kati kati, kupumzika, na kunyoosha shavu la mguu kila asubuhi husaidia. Ukidumu wiki kadhaa, au ukishindwa kukanyaga baada ya kuteguka, usiende kwa mkandaji kwanza. Nenda wakakupige picha.

Na msumari. Ukitoboa soli na ukagusa nyama, usiseme "kadoa kadogo" kwa kuwa damu ni chache. Tundu dogo lenye kina ndilo la hatari. Osha kwa maji na sabuni, uende ukachome sindano ya pepopunda.

Linalia

Kwii, kwii, kila hatua, mpaka watu barazani wanajua unakuja. Wananiletea hili wakiona haya kuliko wale wa soli.

Toa soli ya ndani, nyunyiza poda chini yake, rudisha. Katika kumi, sita zinanyamaza hapo. La saba ulimi unasugua ngozi kwa ngozi: pitisha dawa ya viatu kidogo baina yake. Likiendelea, lishike karibu na sikio ulipinde polepole utafute linapotokea. Likitokea kwenye soli, ingiza ukingo wa karatasi pale soli inapokutana na ngozi, uzungushe buti lote. Karatasi ikipenya mahali, hiyo ni hewa inayoingia na kutoka. Gundi imeanza kuachia. Lilete leo, kabla ya mvua.